Chembe Zilizokataa Kugeuka Buluu

Katika maabara ya mifugo mjini Kericho, Drusilla Chepyegon anajulikana kwa swali moja: "Na mwingine je?" Hasemi lolote kuhusu ng'ombe mmoja kabla hajampima wa pili.

Mwaka 1996 ng'ombe alikuwa wake mwenyewe. Alimpeleka Soin kwa Mzee Kipkosgei, rafiki wa marehemu baba yake, kwa kimanagan: unamweka ng'ombe kwa rafiki, yeye anywe maziwa, nawe ubaki mwenye mali. Drusilla alitaka ndama azaliwe huko, iwe heshima. Ng'ombe akatembezwa kutoka Sosiot siku nzima juani. Siku tatu baadaye alizaa, na kiwele kikavimba.

"Huyo mzee hanawi mikono," alisema Kipkurui, kaka yake Drusilla. "Jumamosi naenda na kamba, namrudisha."

Kumrudisha ng'ombe wa kimanagan namna hiyo ni kumtangaza mwenyeji kuwa hafai. Urafiki wa miaka thelathini ulibakiwa na siku nne.

Drusilla alichukua damu ya ng'ombe wake, na ya mwingine wa Kipkosgei aliyezaa juma hilohilo, akakamuliwa kwa mikono ileile, na kiwele chake kilikuwa kizima. Aliziweka chembe nyeupe, askari wa mwili, katika rangi ya manjano. Zenye nguvu huigeuza buluu iliyokoza, kwa kimeng'enya kilekile kinachotengeneza sumu ya kuulia vijidudu.

Chembe za ng'ombe wa mzee ziligeuka buluu. Za ng'ombe wa Drusilla zilikuwa tele, lakini nyingi zilibaki vilevile.

Alihesabu tena. Ng'ombe akitaabika, kotisoli hupanda, na homoni hiyo inaweza kupunguza kazi ya kimeng'enya. Wote wawili walikuwa wamezaa. Mmoja tu ndiye aliyetembezwa.

"Ng'ombe wawili si ushahidi," Kipkurui alimkejeli.

"Wa kuilaumu safari, bado. Wa kuiondolea lawama mikono ya mzee, wanatosha."

Ijumaa alishuka Soin. "Mzee, nadhani aliyemuumiza ni mimi. Ilinipasa kungoja azae kwanza."

Kipkosgei, ambaye lawama za Kipkurui zilikuwa zimemfikia, alisikiliza habari ya rangi hadi mwisho. "Kwa hivyo juma zima nimejisugua mikono bure?" Akacheka. "Na mimi nikitembea mpaka Sosiot, askari wangu nao watagoma?"

"Sijui. Njoo kwa miguu nikupime."

Jumamosi Kipkurui alifika Soin bila kamba, amebeba dawa ya kiwele.