Mkurugenzi Aliyeuliza Hali ya Mama Yangu

Mkurugenzi mpya alipoanza kupita meza kwa meza kila asubuhi akitusalimia, tulijua kuna jambo. Alimwamkia shikamoo hata mlinzi, kwa kuwa mlinzi alimzidi umri. Mlinzi aliitikia marahaba, kisha akanifuata kuniuliza kama ofisi inafungwa.

Shirika letu lilikuwa dogo, na ofisi yake ilikuwa mtaa wa Kanyenye. Tulikuwa tukiwafundisha wafuga nyuki wa Ipole na vijiji vya jirani. Mkurugenzi aliyetangulia alikuwa na masikio yake humo ofisini, na sikio kubwa lilikuwa dereva. Ulichosema jikoni wakati wa chai, mchana ulikikuta mezani kwa bosi. Tukazoea kunywa chai kimya. Kwa hiyo mama huyu, mkurugenzi mpya, alipotuuliza mmoja mmoja, "Kazi hii inakuumiza wapi?", huku akiandika majibu kwenye daftari, kila mtu alimjibu kwamba haimuumizi popote. Mimi niliamini anakusanya majina ya watu wa kupunguzwa kazini.

Mwezi huohuo mama yangu, niliyekuwa nikiishi naye mtaa wa Ng'ambo, alishikwa na homa kali. Siku iliyofuata nilitakiwa Ipole kuwafundisha kina mama kuchuja asali. Enzi za bosi wa zamani, ukiomba ruhusa ya mgonjwa unaulizwa kama wewe ni daktari. Sikuomba. Siku hiyo ya mafunzo nilimpeleka mama hospitali, nikakaa naye mpaka jioni, na kesho yake nikaandika ripoti kwamba mafunzo yalifanyika na yalikwenda vizuri.

Siku ya tatu niliitwa. Nilimkuta dereva amekaa mbele ya mkurugenzi, ameinamisha kichwa. Mkurugenzi akanionyesha kiti.

"Mzee wangu," akamwambia dereva, "ulichoniambia asubuhi, kirudie mbele yake. Mimi maneno ya mtu asiyekuwepo siyapokei."

Dereva alijikuna shingo. Mwishowe akasema ameiona pikipiki ya ofisi, niliyokuwa nikiendea vijijini, imeegeshwa kwangu kutwa nzima, siku ambayo ripoti inasema nilikuwa Ipole.

"Ni kweli?" mkurugenzi akaniuliza.

Nikasema ni kweli, nikaeleza habari ya mama.

"Anaendeleaje sasa?"

Swali hilo lilinitisha kuliko kama angenitukana. Nikaona ananilainisha ili niseme na mengine. Nikajibu kwa kifupi kwamba hajambo.

"Ripoti ya uongo ni kosa, na nitakuandikia onyo," akasema. "Lakini Ipole kuna watu walikungoja. Alhamisi tunakwenda wote watatu, uwaambie mwenyewe."

Safari nzima dereva alishika usukani kama mtu aliyefiwa, nami nilikuwa nikijiuliza kwa nini ameletwa, kama si kuwa shahidi.

Kina mama walikuwa wamekaa kwenye mikeka nje ya ghala la chama chao. Nilisimama nikasema kwamba siku ile sikuja, ila niliandika kwamba nilikuja. Bibi mmoja, ambaye mizinga yake niliijua mmoja mmoja, akasema, "Tulikungoja mpaka jua likageuka, mwanangu. Nilitembea na ndoo ya masega kichwani. Ungetuma hata neno."

Nikamwomba radhi. Hapo mkurugenzi akasimama kando yangu.

"Yeye ana kosa lake, na ofisi yangu ina lake," akawaambia. "Mtu akiogopa kusema mama yake anaumwa, hiyo ofisi ina ugonjwa. Tusameheni."

Kina mama walipokea. Bibi yule akaniagiza nimpe mama pole. Mimi nilimtazama mkurugenzi kwa jicho la pembeni, nikitafuta anamwigizia nani. Hapakuwa na mgeni wala mfadhili. Palikuwa na sisi tu na nyuki.

Onyo nililipata kweli, karatasi moja, na halikufuatwa na jingine. Dereva hakupeleka tena maneno. Sasa ingemlazimu ayarudie mbele ya aliyesemwa, na kazi hiyo hakuiweza. Polepole sauti zikaanza kusikika wakati wa chai. Kwanza mhasibu alilalamikia kiti chake kibovu, akaletewa kingine. Kisha mlinzi akasema mvua inamnyeshea, na kibanda chake kikaezekwa.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Miezi mingi baadaye homa ya mama ilirudi, nikagonga mlango wa mkurugenzi, nikaomba siku mbili.

"Nenda," akasema.

Sikuondoka; ruhusa ya mdomo bado sikuiamini. Nilimwomba aniandikie ruhusa ile kwenye karatasi, atie na sahihi. Alinitazama kidogo, akavuta kalamu, akaandika. Hakuniuliza kwa nini.