Punje Hamsini za Kibombo

Nilipofundisha biolojia Kindu, enzi za chama kimoja, nilikuwa na abakosi moja, ile suti isiyo na tai, na kiburi cha watu kumi. Siku moja niliandika ubaoni kwamba steroli, yale mafuta yanayokaza ngozi ya kila seli, mbegu huyaweka yote akiba, na mche unayatumia tu, hautengenezi mengine mpaka ukomae. Ukweli ni kwamba nilikuwa nabahatisha.

Msichana mmoja wa Kibombo, binti wa wakulima wa mpunga, akasimama.

"Profesa, muche unaongeza seli kila siku. Zile mupya zinapata wapi steroli yake?"

Darasa likaguna. Nikamjibu, "Kaulize mpunga wa mama yako!"

Akauuliza kweli. Aliloweka mpunga, akaufunga kwenye majani na kuukandamiza kwa jiwe, kama wanawake wa kwao wanavyouchipuza kabla ya kupanda. Akaja maabara na punje hamsini kavu, hamsini za siku tatu, hamsini za siku sita. Alikuwa anatafuta alama, maskini. Baba yake alishasema akianguka mwaka ule, masomo basi, anaolewa.

Tulizitwanga, tukayatoa mafuta, kila fungu kwenye kichupa chake. Nikadondosha asidi. Penye steroli, rangi inakuwa nyekundu. Kichupa cha punje kavu kilikuwa chekundu kidogo tu. Cha siku tatu kikakolea. Cha siku sita, ee Mungu wangu, kilikuwa kama mawese! Mche ulikuwa unajitengenezea wenyewe, tena tangu utotoni.

Niliona. Naye akanitazama, akingoja niseme. Lakini mkaguzi wa shule alikuwa amesimama mlangoni na daftari lake, na maneno yangu ya ubaoni yalikuwa bado kwenye madaftari ya darasa zima.

"Vichupa vyako ni vichafu," nikasema kwa sauti. Nikampa sifuri.

Akaanguka. Akarudi Kibombo. Naona haya hata kuandika haya, na nastahili.

Miaka mingi baadaye nilimkuta sokoni Kindu akiuza mchele, mama mzima. Alinipimia, akaniongezea kopo la bure, kisha akainamisha macho.

"Profesa, unisamehe kwa vile vichupa. Nilivisafisha mara tatu. Mpaka leo sijue nilikosea wapi."

Watu walikuwa wanatusikiliza. Ningesema neno moja tu la kweli, lingetosha. Nikashika mchele wangu.

"Si kitu, mama," nikamwambia. "Nilishakusamehe."