Vya Kuondolewa Kwanza

Mama yangu mdogo alifanya kazi maktaba miaka kumi na tisa, na mtaa mzima ulimwita Mama Ndoo. Hakuwa muuza ndoo. Alikuwa nazo kumi na moja, na wingu likikusanyika alizipanga chini ya bati linalovuja, kila moja mahali pake, kama mwenyeji anayejua mgeni gani hukaa wapi. Wapita njia walimtania dirishani, eti leo ametega samaki wangapi. Naye alijibu bila kugeuka: mmoja tu, ana mdomo kama wako.

Maktaba yenyewe ni vyumba viwili. Cha mbele kina vitabu vya kuchapwa, kimoja kikipotea kinanunuliwa kingine. Cha nyuma kilikuwa na vitu vichache vya kale na madaftari sitini na mawili. Hayo aliyaandika yeye. Alikwenda kwa wazee mmoja mmoja, akakaa nao, akaandika kwa maneno yao hayohayo nani alimzaa nani, mto ulipita wapi kabla haujahama, mtoto asiyelala hufanyiwa nini. Wengi wao wameshafukiwa. Bibi yetu alikuwa kwenye daftari la saba. Picha yake hatuna, hakuwahi kupigwa. Mimi niliishia darasa la nne, na kusoma kwangu nilimalizia kwenye madaftari hayo, kidole cha mama mdogo kikitangulia mstari.

Basi ndiyo maana aliogopa maji. Aliandika mpango wa maafa, kurasa mbili, kwa mkono, na hakuna aliyemtuma. Nani ana funguo, nani apigiwe simu, umeme unazimiwa wapi, nini kitoke na nini kingoje. Alikwenda hata kwa muuza nyama kumwomba nafasi kwenye friza, maana karatasi iliyolowa ikigandishwa haioti ukungu, unaikausha baadaye pole pole. Muuza nyama akamuuliza vitabu vyake anavitaka na mifupa au bila mifupa. Lakini alikubali.

Kisha akachukua rangi ya kucha, akatia doa jekundu kwenye mgongo wa kila daftari. Kwenye mpango akaandika: Vyenye doa jekundu ni vya kuondolewa kwanza.

Neno hilo ndilo lililotumaliza.

Mkuu wa maktaba alikuwa mpya, na wakaguzi walikuwa njiani. Wiki hiyo mama mdogo aliomba ruhusa ya siku nne, mama yangu alikuwa amejifungua kwa kupasuliwa. Mkuu akitafuta karatasi za kuwaonyesha wakaguzi akaukuta mpango mezani kwake, pale pale mama mdogo alipouweka ili ausome. Akausoma. Sasa, kwa watu wa maktaba, kitabu cha kuondolewa ni kile kilichochakaa, kinafutwa kwenye orodha na kutupwa. Akafurahi kwamba kuna mtu ameshamchambulia takataka. Mlinzi na msafishaji wakayatoa madaftari yote hadi ukuta wa nyuma, karibu na mtaro, wakayafunika nailoni, yangoje gari la taka. Gari halikuja. Mvua ilikuja, ikanyesha siku mbili.

Siku ya tano mama mdogo alirudi kazini, nami nilikuwa nimemsindikiza. Alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma. Rafu ilikuwa tupu na kavu, imefutwa hata vumbi. Akatabasamu. Alidhani wamefuata mpango.

"Umeyaondoa, baba," akamwambia mlinzi. "Mungu akuweke."

Mlinzi akatazama viatu vyake. "Yako nyuma, dada. Yanangoja gari."

Tuliyabeba kwa makreti. Muuza nyama alipotuona alianza kutoa nyama kwenye friza kabla hatujasema neno, na siku hiyo hakutania mtu. Lakini madaftari yalikuwa yamelala majini, na wino ulikuwa wa kalamu za shule. Yaliyosomeka ni tisa. La saba halikuwemo. Lilikuwa na kurasa zote, za samawati tupu.

Mkuu alimwita ofisini, akaweka mpango mezani. Mlango ulikuwa wazi, nilikuwa kwenye benchi.

"Mwandiko huu wa nani?"

"Wangu."

"Umeandika nini hapa?"

"Kuondolewa."

"Basi, mama."

Mkuu hakugomba. Alimwambia kwa upole kabisa kwamba yaliyopita si ndwele, aandike taarifa fupi kwamba mvua kubwa iliharibu baadhi ya kumbukumbu, asaini, yaishe. Akampa mama mdogo kalamu.

"Mvua haijui kusoma, mkuu," akasema, akarudisha kalamu.

Barua ilifika kabla mwezi haujaisha. Aliisoma amesimama mlangoni kwetu. Mama, mtoto kifuani, akamuuliza inasemaje.

"Naondolewa kazini." Akacheka kidogo, kicheko cha puani. "Na mimi nina doa, dada. Hukuliona?"

Mpango wake sasa umechapwa, umetiwa kwenye fremu chumba cha mbele. Mlinzi anasema wakaguzi waliusifu. Neno halijabadilishwa. Ndoo kumi na moja msafishaji anapigia deki.

Yale madaftari tisa bado yako kwenye mfuko, chini kabisa ya friza ya muuza nyama. Ni mali ya maktaba, mama mdogo akiyachukua ni mwizi. Maktaba nayo ilishayaandika taka, haiyataki. Juzi nilipotumwa maini nilimsikia muuza nyama akimwonya kijana wake asiweke kitu juu ya ule mfuko wa chini. Nilipomweleza mama mdogo, aliniuliza kitu kimoja tu, kama umeme wa pale huwa unakatika.

Nikamwambia huwa unakatika.