Nafula Aliyevuka Barabara

Tangu simu ya asubuhi nazunguka tu hii nyumba. Nimeketi, nimesimama, nimechemsha chai na sijainywa. Nafula ameenda. Nafula!

Wengi wenu mlimjua kama mama wa kanisa kule Kapsoya. Mimi nilimjua akiwa karani wa bakery hapa Eldoret, miaka ya themanini, na mimi nikiwa salesman wa vani ya mkate.

Alitoka upande wa Bungoma, mimi Murang'a. Kiswahili chetu kilikuwa kinagongana vibaya sana, lakini tulielewana.

Aki huyu dada hangekaa kwa kiti. Aliajiriwa kuandika order, yeye anaacha desk anaingia kwa vani yangu. "Njoroge, twende. Nataka kuona ni nani anakula huu mkate."

Boss wetu alikuwa Mzee Gitau. Mtu mzuri, lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: Mama Tabitha, mwenye bakery ya ng'ambo ya barabara. Alimchungulia kwa dirisha kutwa nzima.

Siku hizo bei ya mkate ilipangwa na serikali. Hungeweza kupunguza, hungeweza kupandisha. Kwa hivyo vita yetu yote ilikuwa mbio: nani atafika dukani kwanza.

Asubuhi moja, barabara ya Kaptagat, nikajaribu kupita vani ya Mama Tabitha kwa kona. Tukaingia mtaroni. Mikate imelala kwa nyasi, ng'ombe wanakuja kuonja. Nafula akatoka kwa dirisha, akajipangusa, akaniuliza, "Sasa tulikuwa tunakimbizana na nani? Huyo mama ana shida zile zile zetu!"

Kutoka hapo hakutulia tena. Wiki mbili aliingia kila duka tulilouzia, akiuliza maswali mpaka wenye maduka wakaanza kumkimbia.

Kisha akaingia office ya Mzee bila kubisha. Nilikuwepo, nimeshika funguo ya vani.

"Mzee, competition yetu si Mama Tabitha peke yake," akasema. "Unga tunatoa kwa kampuni moja. Ikitunyima, sisi na yeye tunazima oveni siku moja. Mwenye duka naye, bei ikiwa sawa, anachagua yule anayekubali kurudishiwa mkate uliolala. Viazi vitamu vikija kutoka Western, watu wanaacha mkate kabisa. Na kuna bakery kubwa ya mji mwingine inatafuta godown hapa. Hao ndio watatumaliza."

Mzee akacheka. "Wewe ni karani ama ni waziri wa biashara?"

Nafula aligeuka. Alitoka, akavuka barabara mchana kweupe, akaingia kwa Mama Tabitha.

Ai! Aliporudi, Mzee alikuwa amesimama mlangoni. "Umeenda kuuza siri zetu. Chukua sweta yako uende."

Nafula akaniangalia. Alijua nilikuwa naye kwa hayo maduka, niliyasikia yote kwa masikio yangu. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Wiki hiyo hiyo Mama Tabitha akamwandika kazi.

Haikupita miezi mingi, malori ya ile bakery kubwa yakaingia mjini. Mkate umefungwa kwa karatasi inang'aa, uliolala wanauchukua bila maneno, na kampuni ya unga inawahudumia wao kwanza. Duka moja baada ya lingine likaniambia, "Njoroge, leo hapana." Vani ilikuwa inarudi nzito vile ilivyotoka.

Ng'ambo, Mama Tabitha alikuwa anaongeza watu. Nafula alikuwa amemwambia aachane na maduka, aoke skonzi za shule za bweni. Skonzi hazikuwa na bei ya serikali, na yale malori makubwa hayakutaka kuingia matope kufuata shule moja moja.

Kwetu tulianza kupeana zamu za kukaa nyumbani. Waokaji wanafika kazini bila kujua kama oveni itawashwa.

Na ni nani akavuka barabara kuja kwetu? Yeye! Tena amekuja na Mama Tabitha mwenyewe. Nilipoona Mzee amesimama kumpa huyo mama kiti chake, nilishukuru Mungu kimyakimya.

"Mzee, order za shule zimetushinda," Nafula akasema. "Oveni zako zimelala. Tuagize unga pamoja, hapo kampuni itatusikiliza. Wewe uchukue shule za upande wa Kaptagat."

Wakiwa bado wanaongea, kijana wa chama tawala akasukuma mlango. Mnakumbuka siku hizo, watu wachache wakikaa pamoja tayari ni mkutano bila kibali. "Hapa kuna nini?"

Nafula akamwekea skonzi moto mkononi. "Kuna unga, ndugu yangu. Kaa uonje."

Akala mbili, akaenda. Mzee akaangua kicheko mpaka akapangusa macho, na sijui kama yale machozi yote yalikuwa ya kicheko.

Mzee akakubali, na hakuna mtu wetu aliyefutwa. Mzee alimwomba Nafula arudi, akakataa. "Nitakuwa nakuja kuwaona, lakini desk yangu iko huko." Mimi nimesomesha watoto kwa hizo skonzi.

Mwezi uliopita nilienda kumwona. Ugonjwa ulikuwa umemlaza, na yeye hajui kulala. Miguu ilikuwa inasonga tu chini ya blanketi. Nikamwambia lile neno nimebeba miaka hii yote: "Siku ile kwa office nilijua uko sawa. Nikanyamaza."

"Njoroge, nilikuchukia mpaka Christmas," akasema. "Halafu bibi yako akaja na mtoto mchanga kunisalimia, nikaacha." Akashika mkono wangu. "Lakini ungesema."

Ndiyo, Nafula. Ningesema.

Sasa nyoosha miguu, dada yangu. Lala vizuri.