Shaba Aliyoificha Tamimu

Kabla ya vita vya Maji Maji, Tamimu alikuwa mfua shaba pale Mohoro. Kazi aliyoipenda kuliko zote ni saa za kivuli: sahani ndogo ya kukaa kiganjani, yenye kijiti katikati. Matajiri wa pwani walizigombania. Uzuri wake ulitoka kwenye kipimo. Duara la pili lilikuwa theluthi mbili ya la nje, la tatu theluthi mbili ya la pili, na kuendelea hivyo mpaka kwenye kijiti. Bikari ikiteleza kidogo tu, aliyeyusha sahani nzima akaanza upya.

Akida alichukua moja, akaipeleka kwenye shamba la pamba ambako watu walilimishwa kwa nguvu. Msimamizi akaitumia kuwakamata waliochelewa. Mrisho, kaka wa Mwanaamina, mke wa Tamimu, alichapwa viboko hata hakuweza kukaa.

"Umetengeneza kitu kizuri, shemeji," alimwambia Tamimu, amelala kifudifudi. "Nilikitazama muda wote nikichapwa."

Vita vilipoanza, mwaka 1905, Mrisho alikunywa dawa ya maji, kisha akaja na gobori lake kuomba shaba ya kukata risasi.

"Si mmeambiwa risasi zitageuka maji?" Tamimu aliuliza.

"Zao. Zetu lazima ziue."

Tamimu alimpa vipande vyote na saa zote, isipokuwa moja. Hakuwahi kuchora nyingine iliyokaa sawa namna ile. Alikuwa ameifukia ndani ya kanda la ukili la kuwekea mpunga.

"Ndizo zote?"

"Ndizo zote."

Baadaye Haruni, aliyepigana pamoja na Mrisho, alirudi peke yake. Akamwambia Mwanaamina, "Kaka yako hakukimbia. Risasi zilimwishia, akabaki anawarushia askari mawe mpaka wakamuua."

Mwanaamina alikwenda kuchota mpunga wa hitima, mkono wake ukagonga shaba. Akaitoa, akaiweka mbele ya mumewe.

"Hii ingetoa risasi ngapi?"

Tamimu aliyatazama maduara.

"Si wewe hodari wa vipimo? Nipimie."

Siku hiyohiyo Mwanaamina alirudi kwao, milima ya Umatumbi. Askari wakachoma mashamba huko, njaa ikaingia. Habari za kifo chake zilifika Mohoro akiwa ameshazikwa. Akida naye akasikia habari za ile saa, akaifuata, na Tamimu akampa.

Tamimu hakufua tena shaba. Alilima mpunga mpaka uzeeni, na ndugu wa Mwanaamina hawakumwitikia salamu.