Udi Mlangoni pa Setilaiti

Kazi yangu hapa Dubai ni ya mlangoni, ila si mlango wa duka. Nyuma yangu kuna chumba cheupe wanamoundia setilaiti, na asiyevaa ovaroli, kofia na barakoa hapiti. Poda hapana, wanja hapana. Udi ndiyo kabisa, maana moshi wake hugandia kwenye kioo cha kamera. Setilaiti ya kwanza ilikwama kwenye majaribio kwa uchafu ambao mimi hata sikuuona, na madam, injinia wetu, binti wa hapahapa, alilia chooni akidhani simsikii. Zamani nchi hii ilinunua vyombo hivi vikiwa tayari. Sasa wanaunda wenyewe, na kujifunza kunauma.

Hii ya pili ilikuwa ifungwe sandukuni mchana ule ikarushwe. Mama yake madam akaja kuiaga. Harufu yake ilinifikia kabla yake. Madam alishaniambia mama kazaliwa Unguja, basi nikamwamkia kwa Kiswahili.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nifungulie nimwone mjukuu wangu."

Jamani, mtu mzima unamwambiaje akaoge? Kwetu Mombasa ukimwambia mgeni hivyo umemtukana yeye na ukoo wake. Nikamwambia hivyo hivyo, roho mkononi.

Akanikata jicho. "Tangu niolewe sijatoka nyumbani bila kujifukiza. Leo mimi nanuka?"

"Unanukia, bibi, ndiyo taabu yenyewe. Chetezo changu mimi nakiwasha siku ya mapumziko tu. Mume wangu siku zote za kazi anaagana na mke asiye na harufu yoyote. Yote kwa ajili ya binti yako."

Mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Maskini mumeo. Haya, bafu liko wapi?"

Nilimsugua nywele mwenyewe, huku akinung'unika hii sabuni gani isiyonukia. Kule ndani nasikia sanduku linasukumwa, nikazidi kuharakisha. Nikamkausha, nikamvisha ovaroli, kofia na barakoa, nikaingia naye. Yalibaki macho tu.

Madam alikuwa ameinama na bisibisi yake. Akatutupia jicho, akadhani nimeleta wanafunzi wa ziara. "Wanafunzi wasimame nyuma ya mstari."

"Mwanafunzi ni wewe," mama yake akasema. "Siku ya harusi yangu sikuogeshwa hivi."

Bisibisi ikawekwa chini. Kukumbatiana mle hakuruhusiwi, basi wakabaki kutazamana, na setilaiti katikati yao, kimo cha friji.

"Itarudi?" mama akauliza.

"Hairudi, mama."

"Basi nimewahi."

Hapo barakoa ya madam ikaanza kulowa, ya mama ikafuata. Barakoa iliyolowa ni marufuku mle ndani, sheria ni sheria, nikawatoa wote wawili wakabadilishe. Nikachukua kabatini barakoa tatu mpya: ya madam, ya mama, na yangu.