Mkono wa Kushoto wa Fundi Saa

Kiharusi hakina adabu. Hakipigi hodi wala hakiulizi kama umemaliza kazi. Kilimkuta fundi saa kibandani mwake, asubuhi kweupe, ameshika kibano na saa ya mteja imepasuliwa tumbo mezani, kikamchukulia mkono wa kushoto kikaenda zake. Miezi minane sasa mkono huo ulikuwa umelala mapajani kama mgeni asiyesema ataondoka lini. Mguu ulirudi. Ulimi nao ulirudi na maneno yake yote, na mkewe aliapa kwamba yameongezeka. Mkono ulikataa katakata.

Saa haitengenezwi kwa mkono mmoja. Mmoja unashika, mwingine unafungua. Ndiyo maana wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kibanda akamwachia fundi mwenzake, akabaki nyumbani na udadisi wake, na udadisi uliokosa kazi ni maradhi mengine. Alifungua redio ya jikoni, akaifunga. Alifungua pasi, akashindwa kuifunga. Mkewe alikuwa mshonaji, na chumba chake cha kazi kilipakana na sebule, ukuta mmoja tu katikati. Siku ya pasi alitoka humo, akakusanya bisibisi zote na kuzificha chini ya kikapu cha vitambaa.

"Cherehani yangu ukiigusa," alisema, "tutaachana uzeeni."

Hapo ndipo ujumbe wa binti yao ulipoingia kwenye simu. Walikuwa na binti huyo mmoja tu. Alikuwa ameolewa mji wa mbali, na wiki tatu zilizopita alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza.

"Baba, mjukuu wako halali," sauti yake ilisema, imechoka mpaka inakwaruza. "Nimembeba, nimembembeleza, wapi! Nitumie ule wimbo uliokuwa unanilaza nao. Nimejaribu kuukumbuka, unanikimbia."

Ule wimbo haukuwa na jina wala maneno. Fundi aliutunga mwenyewe kwenye kinanda cha umeme alichonunua ujanani, wakati binti ana miezi miwili na koo la king'ora. Jioni mama mtu alikuwa na nguo za wateja za kumalizia, hivyo zamu ya kulaza ilikuwa ya baba. Alikuwa anafunga mlango wa sebule ili mshonaji asisumbuliwe, anamlaza mtoto kwenye kochi, anapiga kwa mikono miwili mpaka king'ora kinazima. Ilikuwa hivyo kila jioni kwa miaka minne. Mtoto alipoanza kulala mwenyewe, kinanda kilipanda juu ya kabati, kikawa kinashushwa mara mojamoja tu, mke akiwa ameenda sokoni. Wimbo haukuandikwa popote, wala haukurekodiwa. Ulikaa ndani ya mikono ya mtu mmoja duniani, na mikono hiyo sasa ilikuwa nusu.

Alisikiliza ujumbe mara nne. Aliogopa, na tuseme kweli, hata hospitalini hakuogopa hivyo. Kule alidhani atakufa yeye tu.

Akampigia simu shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi kompyuta, mtu wa kucheka kabla hajafika mwisho wa utani wake mwenyewe.

"Jambo dogo sana hilo, shemeji! Unaunganisha kinanda na kompyuta. Unarekodi mkono wa kulia kwanza. Halafu unarudi mwanzo, unapiga sehemu ya kushoto kwa mkono huohuo wa kulia. Kompyuta inaziweka pamoja."

"Yaani nipige na mimi mwenyewe?"

"Wewe na wewe. Mkigombana, msiniite kuwasuluhisha."

Kesho yake shemeji alileta kompyuta ya zamani iliyopauka na waya mmoja wa ajabu. Upande mmoja ulikuwa na kichwa bapa cha kuchomeka kwenye kompyuta. Upande wa pili uligawanyika mara mbili, kila tawi na kichwa cha mviringo chenye sindano tano. Kichwa kimoja kiliandikwa "kuingia", cha pili "kutoka". Shemeji aliwasha programu, akamwonyesha kitufe chekundu cha kurekodia, akaangalia saa, akatoka mbio. Kulikuwa na ofisi nzima inamsubiri.

Nyuma ya kinanda fundi alikuta matundu mawili, nayo yameandikwa vilevile. Akafanya ambalo mtu yeyote mwenye heshima kwa maandishi angefanya. Cha kuingia akakichomeka kwenye kuingia, cha kutoka kwenye kutoka. Akabonyeza kitufe chekundu, akapiga. Kinanda kililia vizuri tu, lakini kwenye kioo cha kompyuta hapakutokea hata alama. Akazima, akawasha. Akapuliza matundu. Akachomoa waya na kuubusu, maana mafundi wote wana ushirikina wao hata wakikana. Asubuhi ikaisha, akaambulia patupu.

Mtu mwingine angepiga simu. Fundi saa alivuta kiti, akaketi nyuma ya kinanda, akakitazama kama alivyozoea kuitazama saa iliyokataa kwenda. Ndani ya saa, aliwaza, jino la gurudumu halikutani na jino la mwenzake. Likikutana, saa imesimama. Jino huingia kwenye pengo. Basi kitu kinachotoka kwenye kinanda kinapaswa kuingia kwenye waya. Akavibadilisha vichwa, akabonyeza kibao kimoja, na kwenye kioo kikaruka kijimstari cha kijani.

"Hee!" alisema peke yake. Akabonyeza tena. Kikaruka tena.

Akarekodi vibao vitano, akairudisha kompyuta mwanzo, akasikiliza. Zilitoka sauti tano za kinanda kingine kabisa, chembamba na cha kibati. Sasa akapiga simu.

"Shemeji, kompyuta yako inaongopa! Mimi nimepiga hiki, yenyewe imerekodi kinanda cha jirani!"

Shemeji akavunjika mbavu kwanza, halafu akaeleza. Waya ule haupitishi sauti hata kidogo. Unapitisha habari tu: kibao gani kimeguswa, wakati gani, kwa nguvu kiasi gani, kimeachiwa lini. Kompyuta inapokea habari, kisha inatafuta sauti yake yenyewe ya kuzisemea.

"Kwa hiyo haijanisikia."

"Haina masikio, shemeji. Imehesabu vidole vyako."

Fundi alikata simu akiwa amekodoa macho kwa raha. Kitu kinachohesabu vidole na muda! Alisahau wimbo, akasahau chakula. Alibonyeza taratibu akaona kijimstari chepesi, akabonyeza kwa nguvu kikawa kizito. Akajaribu kwa kiwiko. Akajaribu kwa rula.

"Fundi!" mkewe alipaza sauti upande wa pili. "Unapiga muziki au unapigana?"

Kisha aligundua kwamba lile tawi la pili la waya lilikuwa na kazi yake pia. Alichezacheza na mipangilio ya programu mpaka habari zikarudi kutoka kwenye kompyuta, na kinanda chenyewe, bila mtu kukigusa, kikapiga zile sauti tano kwa sauti yake ileile ya miaka yote. Fundi aliinua mkono wake mzima juu ya vibao kama mtu aliyekamatwa, nywele zimemsimama, akacheka mpaka machozi. Tangu kiharusi alikuwa hajacheka hivyo.

Mkono wa kulia aliurekodi mara tatu, ya tatu ikakubali. Akairudisha mwanzo, akasogeza kiti upande wa kushoto, akauweka mkono wa kulia mahali pa ndugu yake, akasubiri uanze.

Haukuanza. Haukujua.

Alidhani ni usingizi wa muda, akausubiri tena. Lakini hapakuwa na kitu. Miaka yote mkono wa kushoto ulitembea peke yake huku chini, naye akili na macho yake yalikuwa kwa mkono wa kulia na kwa mtoto. Hakuwahi kuuliza mkono ule unafanya nini, kama vile mtu asivyouliza miguu yake inavyopanda ngazi. Sasa aliuinua, akaupanga kidole kwa kidole juu ya vibao vyake vya zamani, akafumba macho. "Nionyeshe tu," aliuambia. Vidole vikateleza, vikarudi mapajani.

Siku tatu alibahatisha. Alipata sauti zilizokubaliana na zile za juu, lakini hazikuwa zenyewe, na alijua, kama alivyojua zamani saa inayolia vizuri huku inapoteza dakika. Mkono mmoja haulei mwana, watu husema, nao hawakuwa na habari kwamba kuna siku msemo huo utamkaa mtu kooni namna hii. Binti aliuliza mara mbili. Mara ya pili hakumjibu. Alikaa ameshika tama, akiurudia mkono wa kulia kwenye kompyuta, tena na tena, nani ajuaye, labda ungemwita mwenzake.

Siku ya nne, mchana, mkewe akatokea kwenye mlango wa sebule, ambao siku hizi ulikuwa wazi, futi ya kupimia shingoni na pini mdomoni. Alizitoa pini moja moja, akazichomeka kifuani kwenye kanga.

"Ni wimbo gani huo unaotutwangia tangu juzi?"

"Ule wa mtoto. Wa kumlaza."

"Mtoto gani?"

"Binti yako! Una watoto wangapi?"

Mkewe akatikisa kichwa. "Siyo huo. Nimekaa nyuma ya ukuta huu miaka minne nikiusikia kila jioni. Wa mtoto unakwenda hivi."

Akaimba kwa kinywa kilichofumbwa, chini, polepole. Sauti nne za kushuka, moja ya kupanda nusu, kisha kurudi mahali pa kwanza. Fundi alihisi kama mtu amemshika bega la kushoto. Ulikuwa mkono wake wa kushoto, na ukuta ndio uliomtunzia. Enzi zile, mlango umefungwa, sauti nyembamba za juu hazikuwahi kuupenya, zilibaki sebuleni na mtoto. Besi peke yake ndiyo iliyopita, ikamfikia mwanamke kwenye cherehani.

"Endelea," alisema. "Usinyamaze, tafadhali, endelea!"

"Nina gauni la mtu mezani."

"Mtu akae uchi! Endelea!"

Walifanya kazi mpaka jua likageuka upande wa pili wa dirisha. Mke anaimba kipande, mume anakitafuta kwa mkono wa kulia. Alikuwa mwalimu asiye na huruma. "Hapo umepanda. Shuka." "Umekimbia, hapo kuna pumzi." "Hiyo nayo umeitoa wapi?" Mguu wake ulipiga sakafu kama ulivyopiga pedali ya cherehani miaka ile, na mume akaufuata mguu huo bila kujua anafuata nini. Mwishowe akabonyeza kitufe chekundu, akapiga sehemu ya kushoto kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa mkono wa kulia, bila kosa.

"Haya," alisema, jasho linamtoka. "Sasa tusikie wote."

Kinanda kikapiga, bila mtu kukigusa. Zile sauti nne za chini zikashuka, na juu yake mkono wa kulia ukaja kwa kurukaruka, unadokoa, unajificha, unatokea tena, kama mtu anayemchezea mtoto nyuma ya pazia. Ulikuwa wimbo wa mchezo. Fundi alitabasamu, akageuka kumtazama mkewe, tabasamu likamwishia. Mkewe alikuwa ameketi kwenye kochi, futi ameikunja ngumini, machozi yanamtoka.

"Kumbe ni wa furaha," alisema.

"Ni wa mtoto. Ungekuwaje?"

"Mimi nilikuwa nasikia ule wa chini peke yake. Kila jioni unaufunga mlango, unapiga kitu kama cha msibani." Alijifuta kwa kiganja. "Nilidhani unajuta, Fundi. Kunioa, na mtoto, na nyumba yenyewe. Nilishona nikilia, na wateja wanasifu mshono. Baadaye wimbo ukakoma, nikasema basi, amezoea."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ungeniambia kweli, ningefanya nini?"

Fundi alisimama, akavuta mguu wake mzito mpaka kwenye kochi, akaketi upande ambao mkono wa kulia ungeweza kumfikia.

"Mlango niliufunga usije ukasumbuka," alisema hatimaye.

"Ndiyo najua sasa."

Wimbo ulikuwa umekwisha. Simu ilikuwa mezani, na binti bado anasubiri. Fundi akainyooshea mkono.

"Nirekodi kwa simu, nimtumie?"

"Ngoja kwanza," mkewe alisema. "Yeye ana siku chache tu anausubiri. Mimi nina miaka ishirini na saba. Rudisha mwanzo."

Fundi akainuka, akaurudisha mwanzo.